Mmea Mtungi Ukitoa Rangi Adimu: Uhakikishe Kwanza, Kisha Uuzidishe

Mkulima wa mimea mitungi inayonasa wadudu akiona mche wa kijani kitupu kati ya wenzake wekundu, hukimbilia kuupa jina na bei. Subiri kidogo. Rangi nyingi zinazoitwa adimu ni upungufu wa jua tu.

Nazungumzia Sarracenia, mimea ya mashariki mwa Amerika Kaskazini ambayo spishi zake nyingi hukua kwenye vinamasi vya majimbo ya Marekani ya Florida, Alabama, Georgia na Carolina mbili (ya Kaskazini na ya Kusini). Wekundu wake unatokana na anthosianini, rangi ya asili ya mimea, na mmea huitengeneza kwa wingi ukipigwa na jua la kutosha. Sarracenia flava aina ya rubricorpora, inayotoka Florida, ina mwili mwekundu na kifuniko cha kijani au manjano. Ifiche kivulini nayo itatoa mitungi ya kijani iliyolegea, na mnunuzi mgeni ataapa kwamba ameuziwa mmea mwingine.

Kwa hiyo mmea unaoushuku ukae juani saa 6 au zaidi kwa siku, msimu mzima. Kisha chuchumaa, ondoa kidogo pitimosi (mboji ya kinamasini inayotumika kama udongo) kwenye shingo ya mmea na utazame chipukizi changa. Mmea usio na anthosianini kabisa hauna wekundu popote: chipukizi ni kijani, mishipa ya mtungi ni kijani, na hata spishi ya maua mekundu hutoa ua la manjano. Hapa ndipo wengi huteleza kuhusu flava aina ya maxima. Mitungi yake ni ya kijani, lakini chipukizi lake huwa na wekundu, kwa hiyo haimo katika kundi hili. Nayo spishi ya leucophylla, yenye kichwa cheupe, usiihukumu kwa mitungi ya masika. Mitungi yake mizuri zaidi hutoka kuelekea vuli. Na mtungi ukiwa na michirizi huku umejikunja, tafuta vidukari na thripsi, wadudu wadogo wafyonzao mimea, kabla ya kusherehekea.

Ukijiridhisha kwamba kijani ni cha kuzaliwa nacho, jua kwamba kinatokana na jeni iliyojificha. Mmea mwekundu unaweza kuibeba bila kuionyesha. Ukichavusha mmea wa kijani kwa chavua ya mwekundu asiyeibeba, watoto wote watakuwa na wekundu, na hapo wakulima wengi hukata tamaa na kuitupa miche. Usiitupe. Ichavushe hiyo miche yenyewe kwa yenyewe ikifika umri wa kutoa maua, na takriban robo ya wajukuu watarudi kuwa kijani. Njia fupi ni kuchavusha kijani kwa kijani.

Ua la Sarracenia limekaa kama mwavuli uliogeuzwa. Chavua huangukia ndani ya mwavuli, lakini sehemu za kuipokea ni vinundu 5 vidogo kwenye ncha zake. Chota chavua kwa brashi laini, gusa kila kinundu, rudia baada ya siku moja au mbili, kisha funika ua kwa kitambaa chepesi nyuki wasilete chavua ya jirani. Andika lebo siku hiyohiyo: mama, baba, tarehe. Mbegu zihifadhiwe kwenye friji zikiwa na unyevu kwa wiki 4 hadi 6 kabla ya kupandwa. Mche utachukua miaka 3 hadi 5 hivi kutoa maua, ila penye mwanga mzuri utatofautisha kijani na wekundu mapema zaidi.

Kama shabaha yako ni kuuza rangi ileile, achana na mbegu. Gawa tunguu, lile shina nene la chini ya udongo, mwishoni mwa kipindi cha baridi kabla mmea haujaanza kuchipua. Tumia kisu kisafi, na kila kipande kiwe na chipukizi na mizizi yake.

Matunzo mengine hayana siri. Maji yawe ya mvua au yaliyochujwa chumvi, chungu kikae ndani ya sinia lenye maji, udongo uwe pitimosi iliyochanganywa na perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mawe), na mbolea isiwekwe udongoni. Mmea unahitaji pia mapumziko ya baridi ya miezi 3 au 4. Penye joto mwaka mzima, wakulima huling'oa tunguu, hulifunga kwenye mosi (mimea midogo laini ya kinamasini) yenye unyevu na kuliweka kwenye friji.

Mnunuzi naye amuulize muuzaji mmea umetokana na nini. Sarracenia zote zimo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na spishi ya oreophila imo kwenye Kiambatisho cha Kwanza, chenye masharti makali zaidi. Aliye Kenya aanzie KEPHIS, aliye Tanzania aanzie TPHPA, mamlaka za afya ya mimea za nchi hizo, kabla ya kulipia mmea kutoka nje. Mmea uliochimbwa kinamasini usiuguse hata ukipewa kwa bei ya kutupa: rangi adimu porini huweza kuwa ni vichaka vichache tu, na vikiondoka rangi hiyo inaweza kupotea pale.