Jinsi ya kulinganisha dini bila kuzikoroga

Nunua kaunta buku ya kwaya mbili, kisha chagua jambo moja dogo. Wengi hukwama kwa kuanza na swali "Je, dini zote ni moja?" Swali hilo halina kipimo, kila utakachokikuta kitapindishwa kiunge mkono jibu ulilokuja nalo. Chukua tendo linaloonekana kwa macho: kufunga, kuzika, kumpa mtoto jina, kunawa kabla ya ibada.

Tuseme umechagua kufunga. Fungua kurasa mbili zinazotazamana, upige safu tano: nani anafunga, anaacha nini, tangu saa ngapi hadi saa ngapi, sababu anayoitaja mwenyewe, na akikosa siku anafanyaje. Sasa jaza. Muislamu aliyebaleghe, katika Ramadhani, huacha chakula, maji na tendo la ndoa tangu alfajiri hadi magharibi, siku 29 au 30. Msafiri na mgonjwa hulipa baadaye. Kwaresima ya Mkatoliki huhesabiwa siku 40 bila Jumapili, lakini sheria yenyewe ya kufunga inambana Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu tu: mlo kamili mmoja, umri miaka 18 hadi 59, na maji anakunywa. Mhindu anayeshika ekadashi hufunga siku ya 11 ya kila nusu ya mwezi mwandamo. Wengi huacha nafaka na kunde, matunda na maziwa wanatumia. Mtawa wa Kibudha wa tawi la Theravada hali chakula tangu adhuhuri hadi alfajiri, na kwake hilo ni la mwaka mzima.

Isome tena safu ya pili. Kiswahili kimeyaita yote "kufunga", kumbe ni mambo manne tofauti. Kama kisanduku huna cha kujaza, kiache wazi. Kisanduku kilichojazwa kwa kubahatisha ni kibaya kuliko kitupu, maana wiki mbili baadaye utakisoma ukidhani ulikithibitisha.

Ukikuta mfanano, usikimbilie kusema asili ni moja. Kuna njia nne za kuueleza: wamerithi kwa babu mmoja, mmoja ameazima kwa mwenzake, mazingira yanayolingana yamezaa desturi inayolingana, au mfanano uko machoni mwako tu. Andika kando ushahidi gani ungeiangusha kila njia. Mkristo wa hapa Tanzania anasema "sala" na Muislamu anasema "swala". Neno ni lile lile, limetoka Kiarabu. Hilo linathibitisha historia ya lugha yetu ya pwani. Halithibitishi kwamba wawili hao wanafanya kitu kimoja.

Theosofia, mafundisho yanayodai kwamba dini zote zimebeba hekima moja ya kale, ndiyo inayohitaji kaunta buku hiyo kuliko zote. Chama chake kilianzishwa New York mwaka 1875 na Helena Blavatsky, Henry Olcott, William Judge na wenzao, na makao yake makuu yako Adyar, Chennai, nchini India. Moja ya malengo yake matatu ni kuhimiza ulinganisho wa dini, falsafa na sayansi. Basi yapokee madai yake kwa kipimo hicho hicho. Yagawe mafungu matatu: ya historia na maumbile, ya uzoefu wa ndani, na yale yasiyopimika kabisa. Bara la Lemuria, linalodaiwa kuzama Bahari ya Hindi, liko fungu la kwanza. Lilibuniwa na mtaalamu wa wanyama, Philip Sclater, mwaka 1864, kueleza kwa nini jamaa za lemuri (wanyama wa ukoo wa komba) wanaonekana Madagaska na India. Blavatsky akalichukua, akaliwekea wakazi katika maandishi yake ya 1888. Nadharia ya kusogea kwa mabara ilipokubalika miaka ya 1960, bara hilo halikuhitajika tena. Dai limeanguka, na uandike hivyo. Kutafakari kunakomtuliza mtu ni fungu la pili. Halianguki pamoja na Lemuria.

Kwa maandiko, soma tafsiri mbili kila mara, na ujue mfasiri alikuwa nani. Kurani ya Kiswahili ya 1923 ni kazi ya Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana. Ya 1953 ilitolewa na Waahmadiyya, jumuiya ambayo Waislamu wengi hawaikubali. Ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mwanazuoni wa Kisunni, ilikamilika 1969. Aya ile ile, maelezo yanavutana.

Tahadhari na asilimia za Waislamu na Wakristo nchini zinazozagaa mitandaoni. Sensa iliuliza dini mara ya mwisho mwaka 1967. Zilizokuja baadaye ni makadirio, tena swali "dini yako ipi?" halimnasi mtu anayefanya tambiko kijijini kwao na kuliita mila.

Kutembelea ni rahisi Dar: makanisa ya Azania Front na Mtakatifu Yosefu yanatazama bandari, mahekalu ya Kihindu yako mtaa wa Kisutu, hekalu la Wabudha liko Upanga, na misikiti haihitaji kuelekezwa. Omba ruhusa siku moja kabla, na usichague Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi, wenyeji wana kazi. Shikamoo kwanza kwa mkubwa, viatu nje panapotakiwa, simu mfukoni. Uliza "mnafanya nini, na mtu akikosea inakuwaje?" kabla ya "mnaamini nini?" Swali la pili likitangulia utapewa jibu la adabu: "Ah, ni kama nyinyi tu, Mungu ni mmoja." Mwenyeji amekukirimu, lakini kisanduku bado kitupu.

Baada ya wiki moja rudi na ukurasa wako, umsomee aliyekueleza. Akisema "hapana, sivyo", usifute ulichoandika. Andika sahihisho lake pembeni kwa kalamu nyekundu, na tarehe.