Kufikiri kama msanifu: tatizo la kunawa mikono, kutoka swali hadi kibuyu chirizi

Matatizo mengi ya nyumbani hupewa dawa kabla ya kupimwa. Watoto hawanawi mikono wakitoka chooni, basi mtu ananunua ndoo yenye bomba na kuiweka nje. Wiki ya pili ndoo imehamia jikoni, inatunza maji ya kunywa. Ndoo haikuwa na kasoro. Kilichokosewa ni swali.

Wasanifu, yaani wanaobuni vitu vya kutumiwa na watu, wana utaratibu wa kuzuia kosa hilo. Taasisi ya usanifu ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, iliueneza kwa hatua tano: kumwelewa mhusika, kulitaja tatizo sawasawa, kubuni mawazo, kutengeneza mfano wa haraka, kisha kuujaribu. Hazifuatani kwa ukali. Mara nyingi jaribio la mwisho linakurudisha kwenye hatua ya pili, na hapo ndipo kazi huanza kunoga.

Tazama kabla ya kuuliza

Chukua daftari, kaa mahali unapouona mlango wa choo bila kumbana mtu, kuanzia saa 12 hadi saa 1 asubuhi, kisha tena jioni. Gawa ukurasa safu tatu: alichofanya, alichosema, kilichomkwamisha. Andika kitendo, usiandike hukumu. "Alijifuta kwenye kaptula" inasaidia. "Mchafu" haisaidii kitu.

Halafu zungumza na watu watano hadi wanane. Ukimuuliza mtu, "Huwa unanawa?" atasema ndiyo, nani anataka kuaibika? Muulize tukio: "Asubuhi hii ulipotoka chooni ulipita wapi? Maji yalikuwa wapi?" Kisha nyamaza, usimsaidie kujibu. Hakikisha yumo mtoto mdogo, mzee mwenye shida ya magoti, na yule anayechota maji. Huyu wa mwisho husahaulika karibu kila mara, na ndiye anayeamua kama kifaa kitadumu.

Sentensi moja ya tatizo

Iandike hivi: *Fulani anahitaji kufanya jambo fulani, kwa sababu tumegundua hili.* Kwa mfano: "Watoto wa miaka 4 hadi 8 wanahitaji kunawa bila kumwita mtu mzima, kwa sababu maji yako jikoni na jagi ni zito kwao."

Baada ya "anahitaji" weka kitendo. Ukiandika "anahitaji ndoo" umeshachagua jibu, na hutaona jingine. Na sababu lazima itoke kwenye daftari lako. Kama ungeweza kuiandika bila kutoka ndani, hukutazama vya kutosha.

Mawazo: andika kwanza, sema baadaye

Kunja karatasi mara tatu upate vyumba vinane. Kila mtu achore mawazo manane kwa dakika nane, kimya, watoto wakiwemo. Ukimya una sababu yake: mkubwa akishasema, wadogo hukubali, na kikao kinakuwa cha wazo moja. Mawazo matatu ya kwanza huwa yale ambayo kila mtu anayo. Ya sita na kuendelea ndiyo yenye mambo mapya. Bandikeni karatasi zote ukutani, kila mtu atie nukta tatu kwenye anayoyapenda. Mwenye nyumba apige kura mwisho.

Mfano wa haraka

Tuseme kibuyu chirizi kimeshinda, yaani dumu la maji linaloning'inia kwenye nguzo na kuinamishwa kwa mguu ili mikono isiguse kitu. Usikimbilie nguzo. Siku ya kwanza ning'iniza chupa ya maji ya lita 1.5 kwenye tawi, kimo cha kifua cha mtoto, yenye tundu dogo na kamba ya kuivuta. Ni kazi ya nusu saa, na inatosha kukuonyesha kama mahali ni sahihi. Watoto wakiipita tu, isogeze kwenye njia yao ya kurudi nyumbani. Kusogeza chupa ni rahisi kuliko kung'oa nguzo.

Mahali pakishajulikana, tengeneza chenyewe. Tafuta nguzo mbili zenye panda, urefu wa mita 2, uzichimbie sentimita 45 ardhini, zikiachana sentimita 60 au 70. Ncha za chini zipake oili chafu, maana mchwa hawachelewi. Mti wa mlalo wa mita 1 upite kwenye mkono wa dumu la lita 5 na ukae juu ya panda. Dumu lililowahi kubeba dawa ya wadudu lisitumike kabisa.

Pasha moto msumari, ushike kwa koleo, toboa ubavu wa mbele kama sentimita 12 chini ya kifuniko. Toboa na kifuniko, pitisha kamba, funga fundo kwa ndani. Ncha ya pili ifunge kwenye kijiti cha kukanyagia kilichoinuka kidogo kutoka chini. Maji yajazwe yaishie chini ya tundu, la sivyo yatavuja usiku kucha. Yakitoka kwa kusitasita, hewa haiingii: ongeza tundu dogo juu, karibu na mkono wa dumu. Chini tandaza kokoto. Pasipo kokoto, wiki moja inatosha kupata tope na mbu.

Sabuni itoboe, uitundike kwa kamba, na uifunike kwa kopo lililogeuzwa ili mvua isiiyeyushe. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja kuna adui mwingine: kunguru, ambao huiba sabuni mchana kweupe. Hapo tumia maji ya sabuni ya unga kwenye chupa iliyotobolewa kifuniko.

Jaribu bila kufundisha

Kiache siku tatu bila maelezo. Mtoto akivuta dumu kwa mkono badala ya kukanyaga, usimsahihishe, andika. Huenda kijiti kiko juu mno, au hakionekani kuwa ni cha kukanyaga. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukifupisha kamba na kuhamisha sabuni siku hiyo hiyo, hutajua kipi kilileta nafuu.

Pima pia maji. Kinga maji ya mnawo mmoja kwenye beseni, uyamimine kwenye chupa yenye vipimo. Yakiwa mililita 100, lita 4 zinanawisha watu 40. Nyumba ya watu wanane wanaonawa mara tano kwa siku inalimaliza dumu kila siku. Hapo ndipo vibuyu vingi hufia: vinakauka, na hakuna aliyepangiwa kuvijaza.

Kwa hiyo rudi kwenye sentensi, uiandike upya: "Anayechota maji anahitaji kujaza dumu bila safari ya ziada, kwa sababu anapita na ndoo upande wa pili wa ua." Hilo ni tatizo jingine, na lina majibu yake: kusogeza kibuyu kwenye njia ya maji, kufunga dumu la lita 10 kwenye nguzo nene zaidi, au kuweka kopo la kujazia hapo hapo. Anza na la kusogeza. Chupa ile ya lita 1.5 bado ipo.