Anza na rekodi ya 1926

Ukitaka kusikia jinsi upigaji wa okestra ulivyobadilika, chukua Adagietto, sehemu moja ya Simfoni ya 5 ya mtunzi Mahler. Anza na rekodi ya kiongozi wa okestra Willem Mengelberg na okestra ya Concertgebouw ya Amsterdam, ya 1926: inaisha kwa dakika 7 hivi. Kisha weka ya kiongozi mwingine, Karajan, na okestra ya Berlin Philharmonic, ya 1973, karibu dakika 12. Na noti ni zilezile! Vaa hedifoni, usijali mikwaruzo ya santuri, fuata fidla tu. Kwa Mengelberg vidole vinateleza kutoka noti hadi noti kama sauti ya mwimbaji, na mwendo unakaza na kulegea. Huyu alimfahamu Mahler mwenyewe, kwa hiyo usikimbilie kuuita mtindo wake wa kizamani. Mimi naupenda kuliko ule wa polepole.