SOMO: Kaseti ya NES haisomi, taa inawaka na kuzima? Anzia hapa

Wakuu, somo hili ni la NES (Nintendo Entertainment System, konsoli ya gemu ya Nintendo), ile ya kijivu iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1985, ambayo kaseti unaisukuma ndani kisha unaikandamiza chini. Ukiiwasha na taa nyekundu ikawa inawaka na kuzima, usiseme mashine imekufa. Konsoli ina chipu ya ulinzi na kaseti ina yake. Zisiposikilizana, ile ya konsoli inairesti mashine takriban kila sekunde. Pini moja chafu inatosha kuzigombanisha.

Taa ikitulia lakini skrini ni rangi moja tupu, chipu zimeelewana ila data haipiti. Picha ikija imevurugika, mara nyingi ni pini za upande wa michoro. Dawa ni ileile.

Hatua ya 1: Jaribu kaseti nyingine. Zikisoma, ugonjwa uko kwenye kaseti yako.

Hatua ya 2: Safisha kaseti, hata kama unashuku konsoli. Chovya kijiti cha pamba kwenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, sugua kufuata urefu wa pini, pande zote mbili. Kijiti cha kwanza kitatoka cheusi kama masizi. Chukua kingine, endelea mpaka pamba itoke nyeupe, kisha acha ikauke kabisa. Uchafu ukigoma, fungua kaseti kwa bisibisi maalumu ya milimita 3.8.

Hatua ya 3: Soketi ya pini 72. Chomoa umeme kwanza. Fungua skrubu za chini, toa bati la juu, kisha trei ya kaseti. Skrubu za trei hazilingani urefu, kwa hiyo zipange kama zilivyokaa. Soketi haijachomelewa, unaivuta taratibu kutoka kwenye bodi. Ina midomo miwili: mmoja unashika kaseti, mwingine unauma ukingo wa bodi. Huu wa pili ndio watu wanausahau, wanasafisha mbele wiki nzima na taa bado inapepesa. Futa ukingo wa bodi kwa isopropili, chemsha soketi yenyewe kwenye maji safi dakika kumi hivi (ni plastiki na chuma tu), ikung'ute, iache ikauke siku nzima. Ukiirudisha, ingiza na kutoa kaseti safi mara kadhaa.

Hatua ya 4: Soketi mpya, ikishindikana kabisa. Nyingi za siku hizi zinabana kaseti mpaka kuitoa ni kazi, kwa hiyo mimi bado naipendelea ya zamani iliyochemshwa. Kupinda pini kwa sindano sikushauri, ukivunja moja imekula kwako.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mbona zamani tulikuwa tunapuliza na inakubali?
Jibu: Kilichosaidia ni kule kuichomoa na kuichomeka upya, pini zikagusana vizuri zaidi. Pumzi ina unyevu, na unyevu unaleta kutu.

Swali: Nikipitisha msasa kidogo?
Jibu: Hapana! Utakwangua dhahabu iliyopakwa kwenye pini, nayo ni tabaka jembamba sana.

Swali: Nasikia kuna mguu wa chipu unakatwa, matatizo yanaisha.
Jibu: Ni mguu wa 4 wa chipu ya ulinzi ya konsoli. Taa itaacha kupepesa kweli, lakini uchafu hauondoki, utabaki na skrini tupu. Safisha kwanza, ndugu.

Swali: Kaseti ya Famicom (NES ya Japani) haiingii kabisa.
Jibu: Ile ina pini 60, inahitaji adapta. Usilazimishe.

Swali: Yangu inasoma vizuri ila gemu haihifadhi nilipofikia.
Jibu: Hilo si la pini. Kaseti za kuhifadhi zina betri ndani, kwa kawaida CR2032 iliyochomelewa kwenye bodi, nayo imeisha. Ukiibadilisha, kilichohifadhiwa kinafutika.