Msimbo P0219: Je, Injini Kweli Ilipita Kikomo cha Mzunguko?

Usifute msimbo huu wa hitilafu kabla hujausoma vizuri. P0219 hausemi kifaa fulani kimekufa. Unasema kuna tukio: kompyuta ya injini iliona RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, imepita kiwango kilichowekwa kiwandani. Kwenye Ford unaweza kukuta P1270, unaohusu pia kikomo cha spidi ya gari. Swali la fundi ni moja: mzunguko ulipanda kweli, au kompyuta ilidanganywa?

Kikomo kinafanya kazi hivi. RPM ikifika, tuseme, 6,500 kwenye injini ya petroli, kompyuta inakata mafuta kwenye nozeli, na penye throto (mlango wa hewa) ya umeme inabana hewa pia. Hapo unadhibitiwa mguu wa dereva, si magurudumu. Dereva akitaka gia ya nne akatumbukiza ya pili, magurudumu ndiyo yanayoikimbiza injini, na kukata mafuta hakusaidii kitu.

Hatua ya 1. Chomeka skana, kifaa cha kusoma misimbo, ufungue frizi fremu, yaani rekodi ya hali ya injini msimbo ulipojiandika. Andika kwenye karatasi RPM, spidi, throto, mzigo wa injini na joto la maji. Ukifuta msimbo, namba hizi zinapotea nao, na unabaki kubahatisha.

Hatua ya 2. Piga hesabu. Tairi la 185/65R15 lina mzingo wa karibu mita 1.95, kwenye 110 km/h linazunguka kama mara 940 kwa dakika. Zidisha kwa uwiano wa gia ya pili, mfano 1.9, kisha wa difu (gia za mwisho kabla ya magurudumu), mfano 4.0. Unapata karibu 7,140. Frizi fremu ikionyesha 110 km/h, throto imefungwa na RPM 7,100, gia iliingizwa vibaya, basi. Spidi 0 na throto wazi: mtu alipiga resi gari likiwa nyutro. Spidi 40, throto 80% na RPM 6,800 isiyolingana na gia yoyote: klachi au giaboksi inateleza. Lakini RPM 9,000 kwenye 60 km/h na throto 12%? Hiyo ni sensa au waya wake.

Hatua ya 3, kama namba ni za uongo. Sensa ya krankshafti, shafti kuu ya injini, inahesabu meno ya gurudumu lake. Toyota nyingi hutumia nafasi 36, meno mawili yameondolewa. Mapigo ya ziada yakiingia kwenye waya, kompyuta inayahesabu kama meno. Acha injini sailensa, yaani iungurume bila kukanyaga mafuta, angalia RPM kwenye skana, kisha tikisa waya wa sensa taratibu kuanzia kwenye soketi. Skana ikiruka kutoka 750 hadi 3,000 huku sikio linasikia mlio uleule, umefika penyewe. Chomoa sensa ufute kichwa chake, maana sumaku hukusanya unga wa chuma. Kagua oili ndani ya soketi na waya uliolala juu ya koili. Ule wavu unaozunguka waya unafungwa ethi upande mmoja tu. Sensa ya waya mbili ipime ohmu na ulinganishe na kitabu cha injini hiyohiyo. Kipimo kisichosoma kabisa ni waya uliokatika ndani. Ukinunua nyingine, nenda na namba ya injini, si jina la gari pekee.

Hatua ya 4, kama ulipanda kweli. Hapa wengi wanafuta msimbo na kumrudishia mteja gari, na hilo ni kosa kubwa. Kwenye mzunguko wa juu mno springi haziwahi kufunga valvu, pistoni inazigonga na valvu zinapinda. Pima kompresheni: injini iwe ya moto, plagi zote nje, nozeli zimezimwa, throto wazi kabisa. Silinda ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya 15%, tia kijiko cha oili humo upime tena. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, shuku valvu. Kagua pia mkanda wa taimini kama umeruka jino, na oili kama ina vipande vya chuma.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Fundi, taa iliwaka baada ya gari kukwama kwenye tope, nikalikanyagia mafuta sana. Nibadilishe sensa?

Jibu: Hapana, ndugu. Magurudumu yalizunguka bure, na gari linalosoma spidi kwenye giaboksi litaonyesha spidi ambayo hukuwa nayo. Kompresheni ikiwa sawa, futa msimbo uendelee.

Swali: Mwalimu, dizeli yangu yenye turbo inapanda mzunguko yenyewe hata nikitoa mguu, na moshi ni mwingi.

Jibu: Usiiwashe tena. Mara nyingi turbo inavujisha oili kwenye njia ya hewa na injini inaichoma, ndiyo maana swichi haiizimi. Ikitokea tena na gari ni la manyuo, weka gia ya juu kabisa, kanyaga breki kwa nguvu, achia klachi izimike. La otomatiki, ziba hewa kwa ubao mnene, kamwe si kwa mkono. Ukishindwa, kaa mbali nalo. Kisha kagua mchezo wa shafti ya turbo, oili kwenye intakula (kipoza hewa ya turbo), na kama oili imejazwa kupita alama.

Swali: Matatu yangu ina spidi gavana ya 80. Inaweza kuleta P0219?

Jibu: Gavana inabana spidi ya gari, haigusi hesabu ya RPM. Ikifungwa vibaya, utaona zaidi P0500 ya sensa ya spidi au P2138 ya pedali. Fuata waya zake hadi mwisho, fungua tepu, na kila ungio lililosokotwa kwa mkono liunge upya kwa lihamu.