Kufunga lenzi anamofiki ya 2x kwenye kamera ya Super 8

Fremu ya Super 8, filamu ya upana wa milimita 8, haifiki milimita 6 kwa upana. Lenzi anamofiki ya 2x hubana mandhari kwa ulalo peke yake, watu wakaonekana warefu na wembamba kwenye filamu. Ukiwatanua baadaye unabaki na picha ya karibu 2.66:1. Lenzi za projekta kama Kowa 8-Z zinafaa sana kwa kazi hii.

1. Isimamishe

Usiitundike kwenye uzi wa filta. Ni nzito, tena kamera nyingi huzungusha mbele ya zumu unapofokasi, na lenzi ikizunguka nayo picha inapinda. Funga reli za milimita 15 chini ya kamera, kisha ishike lenzi kwa kibanio cha skrubu 3. Acha milimita 2 au 3 tu kati ya vioo viwili: nafasi ikizidi, pembe za picha zinaingia giza.

2. Inyooshe

Hatua hii usiiharakishe. Weka kamera kwenye tripodi, hakikisha kwa pimamaji kwamba imelala sawa, zima taa za chumba, halafu washa tochi ndogo umbali wa mita 4 ikielekea kwenye lenzi. Utaona mstari wa mwanga ukikata fremu. Zungusha lenzi taratibu mpaka mstari uwe sambamba na ukingo wa chini wa fremu, ndipo ukaze skrubu kwa zamu, kidogo kidogo. Kosa la nyuzi 2 tu litainamisha nguzo na milango, na kuizungusha picha kwenye kompyuta hakuliondoi, kwa kuwa mandhari yalibanwa upande usio wake.

3. Tafuta mwanzo wa zumu

Elekeza kwenye ukuta mweupe, funga tundu la mwanga la lenzi hadi f/16 ili kingo nyeusi zionekane wazi, kisha sogeza zumu kutoka kwenye upana mpaka pembe zisafike. Ongeza milimita 3, maana kitundu cha kutazamia mara nyingi huonyesha eneo dogo kuliko linaloingia kwenye filamu. Bandika utepe hapo, usirudi nyuma yake.

4. Fokasi

Pima umbali kwa utepe wa kupimia, uweke kwenye zumu na kwenye anamofiki pia. Ukisahau moja, picha haikai kali hata ufanye nini. Kwa watu walio karibu kuna njia bora: weka zote mbili kwenye ∞, kisha funga diopta (kioo cha ziada cha kufokasi karibu) mbele ya anamofiki. +0.5 inafokasi mita 2, +1 mita 1. Kwa njia hii kiwango cha kubana hakibadiliki, kwa hiyo nyuso hazivimbi.

5. Piga

Kaa kati ya f/4 na f/8. Tundu likiwa wazi sana ukali hupotea. Kipimamwanga kinachosoma kupitia lenzi kimeshahesabu upotevu wa mwanga. Katriji ya mita 15 hudumu dakika 2 na nusu kwa fremu 24 kwa sekunde, basi fanyeni mazoezi kabla ya kubonyeza.

6. Tanua

Iambie maabara iskani fremu nzima bila kukata. Faili ya 2048×1536 ifanye 4096×1536, au 2048×768 ukitaka faili nyepesi. Ukionyesha kwa projekta, lenzi ileile ifunge mbele yake, nayo uinyooshe upya.