Namna ya kulielewa neno "check" la Kiingereza bila kukariri maana kumi na tano (kwa watu wetu wa Kusini)

Wadau habari zenu, hii naiandika kwa ajili ya vijana wa form two mpaka form four huko Masasi, Newala, Nachingwea, Ruangwa na kwingine kwetu, pamoja na makarani wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima) ambao kila msimu wa korosho wanaletewa makaratasi yenye Kiingereza. Kuna neno moja dogo linawaangusha watu wengi nalo ni check. Mtu akiliona tu anaandika "kagua" anasonga mbele, na mara nyingi anapatia, ila siku akikosea anakosea vibaya.

Chukua sentensi kama hii ambayo unaweza kuikuta kwenye maelezo ya dawa, "Sulphur checks the disease". Ukimwambia mzee kule Tandahimba kwamba salfa inakagua ugonjwa umemharibia kazi kabisa, maana hapo wanasema salfa inazuia, yaani inaukata kasi ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, usienee kwenye maua ya mkorosho. Kuzuia ndo kazi ya zamani ya hili neno, kukagua kulikuja baadae sana, na ukishajua lilikotokea nyingine zote utazifungua mwenyewe.

Kwahiyo anza na mfalme. Neno limetoka kwenye sataranji, huu mchezo ambao wengi siku hizi wanauita chesi. Mchezo ulianzia India kwenye karne ya 6 hivi, ukahamia Uajemi, na Waajemi mfalme wanamwita shah. Sasa ukimtishia mfalme wa mwenzako ilikuwa unamtangazia kabisa "shah!", kwamba angalia mfalme wako huyo yuko pabaya, na mwenzako akishasikia hivyo hana uhuru tena, mipango yote aliyokuwa nayo anaiweka pembeni, lazima kwanza amwokoe mfalme. Shika hapo hapo, mtu alikuwa anaenda zake kwa kasi na ghafla kakatizwa, hiyo ndo check.

Waarabu wakauchukua mchezo, ukaingia Ulaya kwa njia ya Hispania na Sicily, Wafaransa wakalitamka eschec, na Waingereza ambao toka mwaka 1066 walikuwa chini ya Wanormani waliokuwa wanaongea Kifaransa wakabaki na check. Hata jina lenyewe la mchezo, chess, ni ule wingi wa neno la Kifaransa. Kufika karne ya 14 watu walikuwa wanalitumia hata nje ya mchezo kwa maana ya kusimamishwa, kukatizwa, kurudishwa nyuma.

Na huyo shah sisi watu wa pwani wala sio mgeni kwetu. Anayewaongoza malenga tunamwita shaha, jahazi lina nahodha na linatia nanga bandarini, na hayo maneno nahodha, nanga na bandari yote matatu yana asili ya Kiajemi. Kilwa iko hapo hapo mkoani Lindi, na habari za kale za Kilwa zinasema watawala wake wa mwanzo walitokea Shiraz, mji wa Uajemi. Mimi hili linanifurahisha sana, kwamba neno ambalo mtoto wa Kivinje analiogopa darasani ni ndugu wa maneno anayoyatamka kila siku akiwa ufukweni. Na mkifika checkmate, ni shah mat. Wapo wanaosema mat ni ya Kiarabu, kwamba mfalme kafa, na ukiijua "maiti" na "mauti" utaona wanatoa wapi hoja, wengine wanasema ni ya Kiajemi, kwamba mfalme kakwama hana pa kwenda. Mi naegemea hawa wa pili kwa sababu kwenye mchezo mfalme haliwi, anabanwa tu mchezo unaisha.

Hatua inayofuata ndo ya muhimu zaidi, angalia kinachofanyiwa hiyo check ni kitu gani. Kikiwa ni kitu kinachokwenda, kinachosambaa au kinachopanda, kama moto, ugonjwa, hasira, bei, mmomonyoko wa udongo, basi tafsiri ni zuia, dhibiti, punguza kasi. Kikiwa ni kitu chenye taarifa ndani yake ambayo wewe huijui bado, kama orodha, uzito wa gunia, oili ya gari, unyevu wa korosho, hapo ni kagua, hakikisha, angalia. Jaribu hivyo kwenye sentensi yoyote utaona inakubali karibu zote. Ukikuta "keep in check" usihangaike hata kidogo, hiyo muda wote ni kudhibiti, na ile "checks and balances" wanayofundisha civics ni hiyo hiyo kuzuia, yaani Bunge, Serikali na Mahakama kila mmoja anamzuia mwenzake asijichukulie madaraka yote, sio kwamba wanakaguana mahesabu tu.

Sasa mtu atauliza, kuzuia kulifikaje kwenye kukagua? Hapa makarani mtanielewa haraka kuliko wengine. Mkulima akileta mzigo ghalani unamwandikia risiti, yeye anaondoka na karatasi yake na kitabuni kinabaki kishina. Kile kishina kazi yake ni kuzuia, akija mtu na karatasi ya kilo alizojiongezea usiku unafungua kitabu unalinganisha, umemnasa. Unaona hapo kuzuia na kukagua vimeshakuwa tendo moja, unakagua ili uzuie. Waingereza mwanzoni mwa karne ya 18 walikuwa wanakiita kishina cha karatasi ya malipo jina hilo hilo la check, baadae jina likahama kutoka kwenye kishina likakaa kwenye karatasi yenyewe inayoenda benki, na ndo tukapata cheki, yaani hundi. Uingereza wanaiandika cheque, Marekani wanaandika check, usichanganye kwenye mtihani maana sisi tunafuata tahajia ya Uingereza.

Ile tahajia ya cheque watu waliisogeza ifanane na Exchequer, hazina ya mfalme wa Uingereza, nayo ni ukoo huo huo. Karne ya 12 afisa wa hazina aitwaye Richard FitzNeal aliandika kwamba meza yao ya kuhesabia ilikuwa na urefu wa futi 10 na upana futi 5, juu yake wametandika kitambaa chenye mistari, wanasogeza vihesabio kwenye visanduku kama kete, na wakusanya kodi wanakuja na hesabu zao mbele ya hiyo meza. Ikaitwa kwa jina la ubao wa sataranji, na mpaka leo waziri wa fedha wa Uingereza anaitwa Chancellor of the Exchequer.

Toka kwenye ubao huo huo likapatikana shati la "checked". Na hapa usitafsiri shati lililokaguliwa jamani! Sisi tuna jina letu zuri tu, shati la drafti, na ukifikiria tumefanya kilekile walichofanya wao bila kuambizana, tumechukua ule ubao wa visanduku ambao vijana wanauchezea kwa vizibo vya soda pale kijiweni tukaupa jina la kitambaa. Marekani hiyo drafti wanaiita checkers.

Halafu kuna vineno vinavyofuata nyuma, hivi nitavipitia haraka. Check in ni kuripoti umefika, hotelini au uwanja wa ndege, check out ni kuondoka hotelini na kulipa, check-up ni ile chekapu ya hospitali. Marekani mtu akimaliza kula anaomba check, anataka bili. Na kwenye fomu zao wakisema weka check wanamaanisha weka alama ya vema, tunayoiita tiki.

Kitu kingine kinachowachoma watu ni cheki yetu ya mtaani. Sisi tunasema nicheki kesho kwa maana ya nipigie au nitafute, tunacheki muvi, tunacheki mpira. Ukimwandikia bosi mgeni "check me tomorrow" atashangaa unataka akukague nini, andika call me. Na mpira unautazama, kwahiyo ni watch. Sio kwamba cheki yetu ni mbovu, ni Kiswahili halali cha vijana na kina utamu wake, ila ukirudi nayo kwenye Kiingereza inakuwa haina tena kazi ile.

Jizoeze na hizi, ziba majibu kwanza kwa mkono halafu mwite mwenzako mbishane. "Heavy rain checked the road works", mvua kubwa ilikwamisha kazi za barabara. "All bags must be checked before loading", magunia yote lazima yakaguliwe kabla ya kupakiwa. "Check your anger", zuia hasira zako. "Unchecked fires destroy cashew trees", moto usiodhibitiwa unateketeza mikorosho. Ya mwisho ni ngumu kidogo, "The guard checked him at the gate", hii inaweza kuwa mlinzi alimkagua getini au alimzuia getini, na hapo huwezi kujua mpaka usome sentensi inayofuata uone kama jamaa aliingia.